Shajara ya mradi: nusu mwaka nje ya nchi kwa kufuata dagaa, kutoka mwalo wa Kibirizi, Kigoma

10 Novemba 2024: Mpango

Kikundi cha wakaushaji wa dagaa wa Kibirizi kinatuma wanachama wawili nje ya nchi kwa takriban nusu mwaka. Watakaa kwenye mialo ya maziwa mengine, watazame dagaa wanavyovuliwa, wanavyokaushwa na wanavyouzwa, na wapeleke nyumbani kinachofaa. Shajara inaandikwa kila hatua inapokamilika ili kikundi kingine chochote kiweze kuiga, kiwe cha dagaa kule Kirando au cha asali kule Tabora.

Maziwa yamechaguliwa kwa sababu. Aina moja ya dagaa wa Tanganyika, Limnothrissa miodon, ilichukuliwa kutoka ziwa letu ikapandikizwa ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, kisha bwawa la Kariba mwaka 1967 na 1968. Kutoka Kariba samaki hao walipita bwawani wenyewe, wakateremka Zambezi hadi Cahora Bassa nchini Msumbiji. Rwanda wanawaita isambaza, Zambia kapenta. Kwa hiyo ni samaki yuleyule mikononi mwa watu tofauti, na hapo ndipo mkaushaji wa Kigoma anaweza kulinganisha kazi yake na ya mwenzake bila kubahatisha. Dagaa wa Victoria, mukene kwa Waganda na omena kwa Wakenya, ni samaki mwingine kabisa, Rastrineobola argentea, lakini naye huvuliwa usiku kwa taa na hukaushwa juani. Ameingizwa kwenye orodha kwa sababu hiyo.

Kanuni mbili zimewekwa kabla ya kugusa fedha. Ya kwanza ni urefu wa kukaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea, taa haivuti samaki na wavuvi hupumzika. Mzunguko wa mwezi ni siku 29 na nusu, kwa hiyo anayekaa wiki mbili anaweza kuondoka akiwa ameona nyavu zimeanikwa tu. Kila kituo kitapewa takriban mwezi mmoja, na siku ya kufika itakuwa baada ya mbalamwezi, ili giza lote liangukie ndani ya ukaaji. Tarehe za giza kwa mwaka 2025 zimeandikwa ukutani: 29 Machi, 27 Aprili, 27 Mei, 25 Juni, 24 Julai, 23 Agosti, 21 Septemba.

Kanuni ya pili ndiyo uti wa mgongo wa mradi. Wasafiri wakiona kitu kipya, wanakituma nyumbani ndani ya wiki. Waliobaki Kibirizi wanakijaribu kwa dagaa halisi, kisha wanarudisha maswali wakati wasafiri bado wapo pale na fundi bado yupo karibu. Ujuzi unaoletwa nyumbani mwisho wa safari hauna wa kuulizwa tena. Safari nyingi za mafunzo hupotelea hapo: watu hurudi na picha nyingi, na jambo dogo linalokwamisha kazi halikuulizwa.

Bajeti ya watu wawili: shilingi 8,000,000, pamoja na akiba.

5 Desemba 2024: Pasipoti

Hatua za kawaida kwa ufupi: fomu inajazwa kwenye tovuti ya Idara ya Uhamiaji, namba ya malipo inatoka, fomu inachapishwa na kupelekwa ofisi ya mkoa pamoja na cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti au kiapo cha kuzaliwa kwa mzazi na picha, kisha alama za vidole. Pasipoti ya kawaida inagharimu 150,000, kwa hiyo 300,000 kwa wawili.

Kilichokwama ni majina. Mmoja cheti chake cha kuzaliwa kina majina mawili, NIDA ina matatu, na la ukoo limeandikwa kwa herufi tofauti. Fomu ilirudishwa. Njia sahihi ni kurekebisha hati kwanza, kwa hati ya kiapo na masahihisho kule kosa lilikoanzia, ndipo uombe pasipoti. Ukilazimisha mbele kosa litakufuata benki, kwenye usajili wa laini na mpakani. Weka hati zote tatu mezani siku moja, soma herufi kwa herufi, kabla hujalipia fomu.

Jambo la pili linahusu sisi wa mkoa wa mpakani. Mahojiano ya uraia yanaweza kuwa marefu. Waliofika na vyeti vya wazazi, barua ya serikali ya mtaa na maelezo ya wapi babu na bibi walizaliwa walimaliza kwa kikao kimoja. Kusanya hivyo mapema, hasa kama wazazi wako vijijini Kasulu au Buhigwe na vyeti vinafuatwa kwa pikipiki.

Hati ya dharura ya safari ni rahisi zaidi, lakini tumeikataa. Ni ya safari fupi, na mradi huu unavuka mipaka mingi, tena mmoja wake uko nje ya Jumuiya ya Afrika Mashariki.

14 Januari 2025: Chanjo na dawa

Chanjo ya homa ya manjano imechomwa. Cheti huanza kufanya kazi siku 10 baada ya sindano, na tangu Julai 2016 dozi moja inatosha kwa maisha yote. Uganda na Burundi hukidai. Kijitabu cha njano kisajiliwe kwa jina lilelile la pasipoti. Hili nalo limewahi kuwarudisha watu.

Malaria inahitaji maelezo zaidi, kwa sababu mialo yote kwenye orodha ina mbu. Kila msafiri anabeba dozi mbili za dawa mseto. Mtu mzima wa kilo 35 na zaidi anameza vidonge 4 kwa mara moja, dozi ya pili baada ya saa 8, kisha asubuhi na jioni mpaka siku 3 ziishe: jumla vidonge 24. Imezwe na chakula chenye mafuta, maana bila mafuta dawa haifyonzwi vizuri. Vipimo vya haraka vya malaria vimebebwa pia, na hapa kuna mtego. Kipimo cha kawaida kinaweza kuendelea kuonyesha ugonjwa wiki kadhaa baada ya mtu kupona, kwa kuwa kinasoma mabaki ya vimelea. Ukipata homa tena ndani ya mwezi, usijipime kwa kifaa hicho ukaanza dozi nyingine, tafuta darubini.

Kichocho ni hatari ya kweli pwani ya Victoria. Kusaidia kuvuta mtumbwi ukiwa ndani ya maji hadi magotini kunatosha kukuambukiza. Buti za mpira zimeingia kwenye orodha, na kipimo kimepangwa wiki nane baada ya kurudi, kwani ukipima mapema mno mayai hayaonekani. Kadi ya bima ya nyumbani haitibu nje, kwa hiyo fungu la dharura limetengwa peke yake na haliguswi kwa nauli.

3 Februari 2025: Njia imevunjwa na kupangwa upya

Mpango wa kwanza ulianzia Rwanda mwezi huu, ukaendelea Uganda na Kenya, na kuishia ziwa Tanganyika katikati ya mwaka. Umefutwa wote.

Tarehe 20 Januari serikali ilitangaza ugonjwa wa Marburg mkoani Kagera, wilaya ya Biharamulo. Barabara yetu ya kwenda Rwanda, Kasulu, Kibondo, Kakonko hadi Nyakanazi, inaingia wilaya hiyohiyo. Mwishoni mwa Januari Uganda nayo ilitangaza Ebola. Wiki hiyohiyo Goma, mji wa mashariki ya Kongo, uliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Rubavu, kituo chetu cha Kivu upande wa Rwanda, imepakana na Goma ukuta kwa ukuta. Na hata kama haya yasingetokea, mpango ulikuwa na kasoro yake yenyewe: nchi nne za ziwa Tanganyika zimekubaliana kusimamisha uvuvi kati ya 15 Mei na 15 Agosti, na Tanzania ilianza kutekeleza mwaka 2024. Miezi tuliyoipangia ziwa hili ingekuwa ya kutazama mitumbwi ikiwa imeegeshwa.

Njia mpya inaanzia kusini, Zambia: Mpulungu kuanzia katikati ya Machi, Siavonga kwenye bwawa la Kariba hadi mwishoni mwa Mei, kurudi nyumbani kwa muda, kisha Karongi badala ya Rubavu, Uganda, Kisumu, na Rumonge nchini Burundi mwisho, baada ya ziwa Tanganyika kufunguliwa. Kalemie na Uvira, upande wa Kongo, zimeondolewa. Kupita Burundi kwenda Rwanda haiwezekani pia, kwani Burundi ilifunga mpaka wake wa nchi kavu na Rwanda Januari 2024. Rumonge ni safari ya kwenda na kurudi kupitia mpaka wetu wa Manyovu.

Anayeiga achukue utaratibu, wala si njia yetu. Kabla ya kulipa nauli yoyote, weka karatasi tatu pamoja: kalenda ya mwezi au ya msimu wa kazi yako, tarehe za kufungwa kwa maziwa au misitu, na taarifa za magonjwa na usalama. Pale karatasi tatu zinapokubaliana ndipo pa kuanzia.

9 Machi 2025: Fedha na simu

Simu imekula muda kuliko fedha. Benki na huduma za fedha za simu hutuma namba ya siri ya mara moja kwa laini ya Tanzania. Laini hiyo ikizimika, akaunti nayo imekufa. Jaribio lilifanywa mapema kwa kuvuka Manyovu kwenda na kurudi: laini moja ilipokea ujumbe, nyingine haikupokea chochote, kwa sababu huduma ya romingi haikuwa imewashwa, na baadhi ya mitandao haikuruhusu kuiwasha ukiwa tayari nje. Imewashwa dukani, pasipoti mkononi. Data ya romingi imezimwa kabisa kwenye simu ili isile salio. Kinachohitajika ni ujumbe mfupi tu. Kila simu ina sehemu mbili za laini, ya nyumbani na ya nchi husika, na laini ya nyumbani inatumika angalau mara moja kwa mwezi isije ikafungwa kwa kulala. WhatsApp ikikuuliza kama unataka kuhamia namba mpya, kataa.

Fedha zimegawanywa sehemu tatu: benki, simu, na dola taslimu. Dola zimenunuliwa kwenye duka la kubadilisha fedha kwa risiti. Chagua noti za 50 na 100, mpya, zisizo na mkunjo mkali wala maandishi ya kalamu. Noti ndogo na za zamani hupewa bei ya chini au hukataliwa. Kadi za benki zilijaribiwa, moja ikakataa malipo ya nje kwa kuwa benki haikuarifiwa. Barua imeandikwa ikitaja nchi na miezi. Fanya hivyo ukiwa bado unaweza kuingia tawini kwa miguu.

20 Aprili 2025: Mpulungu

Safari: Kigoma, Uvinza, Mpanda, Sumbawanga, Matai, mpaka wa Kasesya, Mbala, Mpulungu. MV Liemba, meli iliyozoeleka kwa njia hii, iko kwenye ukarabati, kwa hiyo ni barabara tupu. Gawa kwa siku tatu, lala Mpanda na Sumbawanga. Mpaka huu ni mdogo na magari ya upande wa pili ni machache. Ukifika jioni utalala hapo.

Kosa la kwanza kubwa la safari lilikuwa muhuri. Mmoja aliandikiwa siku 30, mwingine siku 14, dirisha lilelile. Haikusomwa mpaka Mbala. Watanzania hawahitaji viza kuingia Zambia, lakini idadi ya siku huandikwa na afisa kulingana na maelezo aliyopewa, na aliyejibu kwa neno moja alipewa chache. Siku ziliongezwa kwenye ofisi ya uhamiaji kabla hazijaisha, kwa nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima ya kazi. Sasa kila msafiri anabeba barua ya kikundi, ukurasa mmoja, inayosema anakwenda wapi, kwa nani, siku ngapi, na kwamba hafanyi kazi ya malipo. Muhuri unasomwa dirishani, kabla ya kushika begi.

Sampuli zilikwama pia. Kilo chache za dagaa wakavu wa Kibirizi, za kuwaonyesha wenyeji, zilizuiwa mpakani kwa kukosa kibali cha mazao ya uvuvi. Zikabaki huko. Mazao ya samaki yanahitaji kibali hata yakiwa ya zawadi. Ofisi ya uvuvi ya wilaya ndiyo pa kuanzia.

Malazi yalitoa somo la bei. Usiku wa kwanza ulilipwa kwa bei ya nyumba ya wageni. Siku ya tatu, baada ya kusalimia uongozi wa mwalo, chumba cha kupanga kilipatikana kwa mwezi mzima kwa bei ya siku saba za nyumba ya wageni. Kanuni mpya: usilipe zaidi ya siku nne popote kabla ya kuuliza sokoni. Kiswahili kinatosha soko la Mpulungu. Kibemba cha salamu kinafungua zaidi.

Kazi yenyewe: kichanja, meza ya wavu ya kuanikia dagaa. Vipimo vilivyotumwa nyumbani ni urefu wa mita moja kutoka ardhini, upana wa mita 1.2 ili mkono ufike katikati kutoka pande zote mbili, na wavu uliokazwa usibonyee. Kibirizi walijenga kimoja kwa 64,000, miti na wavu. Swali likarudi baada ya siku chache: dagaa wa katikati hawakauki sawa na wa pembeni. Fundi wa Mpulungu aliomba picha, akaiona mara moja. Samaki walipandana, na wavu ulibonyea katikati ukawakusanya. Nguzo ya tatu imeongezwa chini ya wavu, na samaki wanatandazwa tabaka moja tu. Jibu hilo lisingepatikana kama wasafiri wangekaa wiki moja.

25 Mei 2025: Siavonga, bwawa la Kariba

Kutoka Mpulungu hadi Lusaka ni safari ndefu ya basi. Mizigo mizito ilitumwa mbele kwa risiti. Kapenta wa Kariba huvuliwa kwa majukwaa yanayoelea yenye taa na wavu wa kuinua, mengi ya makampuni, na huwezi kupanda bila ruhusa ya mwenye nalo. Ruhusa ilichukua siku sita. Omba siku ya kufika, na ukipanda dai koti la kuokolea.

Jipya hapa ni chumvi: samaki huoshwa na kutiwa chumvi kabla ya kuanikwa. Nyumbani walijaribu gramu 300 kwa lita 10 za maji, dakika 15. Nzi walipungua, harufu ikawa nzuri. Baada ya wiki ya pili mambo yakageuka. Mvua za mwisho wa masika zilileta unyevu, chumvi ikavuta unyevu huo, na magunia ya nailoni yakawa laini kwa ndani. Wateja wa soko la Kigoma wakalalamika pia kwamba dagaa ni wa chumvi, hawafai kwa mawese. Maswali yalirudi Siavonga. Wenyeji wakasema wao hufunga kwenye plastiki nzito mara tu samaki akikauka na kupoa, hawaachi wazi hata usiku mmoja. Kipimo kimeshushwa hadi gramu 150, kinatumika kiangazi tu, na dagaa wa chumvi wanawekewa alama. Hasara: magunia mawili yaliyouzwa kwa bei ya chakula cha kuku.

Kurudi ni kwa Nakonde na Tunduma. Kwacha zilizobaki zilibadilishwa hapo. Mpakani badilisha kidogo tu. Kila mara unapotoka fedha moja kwenda nyingine unaacha asilimia kadhaa mezani, na ukizungusha shilingi kwenda dola kwenda kwacha umeziacha mara mbili.

Mapumziko ya nyumbani ya wiki mbili hayakuwa kwenye mpango wa kwanza kabisa. Yamekuwa na thamani kubwa. Daftari zilisomwa, vichanja vikaguliwa kwa macho, maswali mapya yakaandikwa. Safari ya miezi sita mfululizo huchosha macho. Mtu anaacha kushangaa na hivyo anaacha kuuliza.

14 Julai 2025: Karongi, ziwa Kivu

Tanzania ilitangaza mwisho wa Marburg tarehe 13 Machi, na Uganda ilitangaza mwisho wa Ebola Aprili, hivyo njia ya Nyakanazi na Rusumo ilikuwa huru. Magari Rwanda hupita kulia. Ukivuka barabara angalia kushoto kwanza. Saa ni nyuma yetu kwa saa moja, sawa na Zambia na Burundi. Usipange safari asubuhi ya Jumamosi ya mwisho wa mwezi, kwani ni umuganda, kazi ya jamii, na usafiri husimama mpaka karibu adhuhuri.

Mtu wa Kigoma ana mtaji hapa ambao hauandikwi kwenye bajeti: Kiha. Kinaelewana na Kinyarwanda kwa urahisi, na wazee wa mwaloni walijibu maswali ya Kiha kwa upana kuliko ya Kiswahili. Anayejua Kiha asijitie Kiingereza.

Isambaza huvuliwa na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, ikiondoka jioni na kurudi alfajiri. Wengi huuzwa wabichi au kukaangwa. Kukausha si kazi kubwa kama kwetu. Kwa hiyo kilichotumwa nyumbani ni biashara ya samaki mbichi: kupima kwa kilo mbele ya mteja, kuuza kabla jua halijapanda, na vichujio vya maji chini ya ndoo ili samaki asikae kwenye maji yake. Jaribio la Kibirizi lilikuwa dogo kwa kuwa ziwa letu limefungwa. Uvuvi wa Kivu nao husimamishwa kila mwaka kwa kipindi. Uliza tarehe kabla ya kukata tiketi.

13 Septemba 2025: Uganda na Kisumu

Uganda, tahadhari moja inashinda nyingine zote: kamera. Wanajeshi wamekuwa wakipambana na uvuvi haramu ziwa Victoria tangu 2017, na mgeni anayepiga picha mitumbwi na nyavu hutiliwa shaka. Picha za siku nzima zilifutwa mbele ya msafiri. Baada ya hapo utaratibu ukawa: barua ya kikundi kwa mwenyekiti wa mwalo, kusubiri jibu, kisha kupiga picha vichanja na mikono ya wakaushaji tu. Vipimo vinaandikwa daftarini, na jioni hupigwa picha ukurasa na kutumwa nyumbani, ili daftari likilowa kazi isipotee.

Mukene wanaoanikwa mchangani huishia kwenye chakula cha mifugo, kwa kuwa mchanga hautoki wote. Wa juu ya wavu huliwa na watu na bei yake ni nyingine. Hili tulilijua, lakini kuliona kwenye mizani moja, magunia mawili ya mwalo mmoja, kulimaliza ubishi nyumbani. Wanachama waliokuwa bado wanaanika mchangani wameomba vichanja.

Kisumu, Dunga: akina mama wa omena huchambua kwa daraja kabla ya kufunga, wazima upande mmoja, waliovunjika upande mwingine. Kibirizi wamejaribu. Kazi inaongezeka saa mbili kwa gunia, na bei ya daraja la kwanza imelipa saa hizo. Msafiri mmoja alipata homa. Darubini ilionyesha malaria, dawa mseto ikatumika, fungu la dharura likagharimia zahanati.

14 Oktoba 2025: Rumonge na hesabu

Manyovu, Mugina, Nyanza-Lac, Rumonge. Uhaba wa mafuta nchini Burundi hufanya nauli na saa za gari zisitabirike. Weka siku moja ya ziada kila upande. Ukaribu ulibadilisha kanuni ya pili kwa faida: dagaa wa majaribio walibebwa wenyewe, safari hii na kibali, wakawekwa mbele ya wakaushaji wa ndagala, yaani dagaa kwa Warundi, wa Rumonge. Walivunja mmoja mmoja, wakasema ndani bado ni laini na kwamba tunawafunga wakiwa na joto. Sasa dagaa wanapoa kivulini kabla ya kuingia guniani.

Matumizi ya wawili: hati, chanjo na dawa 520,000, nauli 2,150,000, malazi 1,120,000, chakula 2,520,000, simu na data 310,000, kilichopotea kwenye kubadilisha fedha 240,000, dharura 460,000. Jumla 7,320,000, imebaki 680,000. Gharama za majaribio ya Kibirizi ziko kwenye daftari la kikundi, kwa sababu ni mali inayobaki.

Malazi yalipungua kwa sababu ya kupanga kwa mwezi, nauli ikazidi kwa sababu ya kurudi nyumbani Juni. Wangezunguka vituo vingi kwa muda mfupi, hesabu yetu inaonyesha nauli na nyumba za wageni zingekula bajeti yote kabla ya Kisumu.

Kipimo cha kichocho kimepangwa mwezi wa kumi na moja. Kituo kinachofuata ni Nkhata Bay, Malawi, ziwa Nyasa, kwa usipa, dagaa wa ziwa hilo, na ombi la kibali cha sampuli limeshapelekwa ofisi ya uvuvi. Kufika ni baada ya mbalamwezi, ili giza la 15 Juni 2026 liwakute wasafiri wameshapata chumba.